Shule ya Watahiniwa 18

Matokeo ya darasa la saba yakishatoka, kazi ya kuzipanga shule huanza hata kabla walimu wenyewe hawajamaliza kuyasoma. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huyaweka kwenye tovuti yake shule kwa shule: namba ya kituo, waliofanya mtihani, wastani wa shule, daraja la kila mtahiniwa. Mzazi mwenye simu anayasoma akiwa sokoni. Afisa elimu anayabeba kwenda nayo kikaoni. Diwani anayatumia kumsifu mwalimu mkuu au kumsuta. Kwa shule ya mjini yenye watahiniwa 200, kuna la maana mtu anaweza kulisoma pale. Kwa shule ya kijijini yenye watahiniwa 18, ukurasa huohuo unaweza kukudanganya mchana kweupe, na wala hakuna aliyeghushi kitu.

Shule za namna hii tunazo nyingi. Ni shule za mkondo mmoja, darasa moja kwa kila ngazi, walimu wanne au watano, mwalimu mkuu akiwa mmojawapo na vipindi anavyo kama wenzake. Nyingine zilizaliwa kama shule shikizi, yaani vyumba viwili vitatu ambavyo wanakijiji walivijenga kwa nguvu zao ili watoto wa awali na wa madarasa ya chini wasitembee kilomita nyingi mpaka shule mama. Serikali nayo ikaongeza mkono. Katika shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF zilizokuja kwa jina la UVIKO-19 mwaka 2021, madarasa 15,000 yalipangwa kujengwa, na 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi. Shikizi ikikomaa inasajiliwa, inapata namba yake, na baada ya miaka michache inaanza kutahini. Hapo ndipo wakubwa na wadogo wanapoanza kuuliza: hii shule ni nzuri au ni mbaya?

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayopotosha wengi. Katika darasa la watahiniwa 18, mtoto mmoja ana uzito wa asilimia 5.6. Mwaka jana wamefaulu 12, ni asilimia 67. Mwaka huu wamefaulu 16, ni asilimia 89. Kwenye kikao cha wilaya hayo ni maendeleo ya asilimia 22, mwalimu mkuu anasimamishwa apigiwe makofi na kuwaeleza wenzake mbinu alizotumia. Mbinu zenyewe ni watoto wanne. Pengine wawili ni mapacha wa nesi wa zahanati, mmoja alihamia kutoka mjini akiwa darasa la tano, na wa nne ni yule ambaye mwaka huu malaria haikumkamata wiki ya mtihani. Mwakani watoto hao hawapo, asilimia inarudi 70, na mwalimu yuleyule mwenye mbinu zilezile anatakiwa kuandika barua ya kujieleza kwa nini ameshusha ufaulu.

Kadiri kundi linavyokuwa dogo, ndivyo bahati inavyolisukuma mbali, juu au chini. Ndiyo maana katika orodha yoyote ya shule, ziwe za Simiyu au za Marekani, shule ndogo hujazana sehemu mbili kwa wakati mmoja: kileleni na mkiani. Wanauchumi wawili wa Marekani, Thomas Kane na Douglas Staiger, walilionyesha hilo kwa takwimu za shule za msingi za jimbo la North Carolina mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tuzo za shule bora zilikuwa zikiangukia shule ndogo kupita kiasi, na aibu za shule mbaya vilevile. Kwa kuwa watu hupenda kutazama kileleni tu, taasisi ya Bill na Melinda Gates iliwahi kumwaga mamia ya mamilioni ya dola ili shule kubwa za Marekani zigawanywe ziwe ndogo, kwa imani kwamba udogo ndio siri ya ubora. Baadaye iliachana na mpango huo. Mwanatakwimu Howard Wainer, aliyeyaandika mambo hayo kwa kirefu, alionyesha kwamba kosa lilikuwa kutotazama mkia wa orodha ileile.

NECTA kwa miaka kadhaa ililiona tatizo hili, ikalitatua nusu. Ilizigawa shule makundi mawili, zenye watahiniwa 40 au zaidi na zenye watahiniwa chini ya 40, kisha kila shule ikapewa nafasi yake ndani ya kundi lake kihalmashauri, kimkoa na kitaifa. Walau shule ya watoto 18 ilikuwa haishindanishwi tena na ya watoto 200. Lakini ilikuwa inashindanishwa na nyingine ya 15 na nyingine ya 22, yaani zote ziliwekwa kwenye kapu lile ambamo bahati ina nguvu kuliko kwingine kote. Kuwa wa 9 au wa 61 ndani ya kapu hilo kulisema machache sana kuhusu ufundishaji. Januari 2023, lilipokuwa likitangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza lilieleza kuwa limeachana na desturi ya kutaja shule na wanafunzi bora kitaifa. Desturi imekufa Dar es Salaam, ila vijijini na kwenye vikao vya kata iko hai. Watu wanachukua wastani, wanajipangia wenyewe.

Basi mtu akitaka kutumia matokeo ya mtihani kuipima shule ndogo, asichukue mwaka mmoja. Achukue minne au mitano, awaweke watahiniwa wote pamoja, ndipo atazame. Hapo bahati inaanza kufifia. Hata hivyo kuna jambo linaloitangulia hesabu hiyo, nalo wengi hawaliulizi: hao 18 wametokea kwenye wangapi?

Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Upande wa elimu, shule zote za msingi zilipangwa hadharani kwa matokeo ya darasa la saba, ya kwanza mpaka ya mwisho. Ufaulu ulipanda kwa kasi: kutoka asilimia 31 hivi mwaka 2012 hadi takriban 51 mwaka uliofuata, na kufikia 2023 ulikuwa asilimia 80.58. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waliufuatilia mpango huo wa kuzipanga shule, na walichokikuta kina sura mbili. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao kweli zilipandisha alama, maana presha iliwafikia walimu. Lakini shule hizohizo zilipunguza idadi ya watoto wanaoketi kwenye mtihani. Mtoto anayedhaniwa atashusha wastani alipata njia ya kutokuwepo.

Kwa shule ya watahiniwa 200, kuwapunguza watoto wawili hakuonekani. Kwa shule ya 20, wawili ni asilimia 10. Hakuna shule inayoweza kujipaka rangi kwa urahisi kama shule ndogo, na hakuna inayoweza kukamatwa kwa urahisi kama hiyohiyo, kwa sababu daftari lake la uandikishaji ni jembamba. Lifungue. Chukua darasa la kwanza la miaka sita kabla ya mtihani, uhesabu majina. Tuseme unakuta 46. Mwaka ule wa 2016, kwa mfano, elimumsingi bila malipo ilipoanza, madarasa ya kwanza yalifurika nchi nzima, na kuwakuta 46 kwenye shule ndogo lisingekuwa jambo la ajabu. Sasa nenda kwenye orodha ya watahiniwa: 18. Kati ya hao wamefaulu 16. Kwenye tovuti ya NECTA ni shule ya asilimia 89. Ukianzia mlangoni walikoingilia, ni shule iliyomfikisha mtoto mmoja kati ya watatu.

Haraka ya kuhukumu nayo si nzuri. Watoto 28 hawakupotea kwa sababu moja. Baadhi wamehama na wazazi, kilimo kikihama au mifugo ikifuata malisho. Wengine walikwama kwenye upimaji wa darasa la nne wakakariri darasa, hivyo wako nyuma, hawajatoka. Kuna msichana aliyepelekwa mjini kukaa na shangazi, na kila mtu pale kijijini anajua kwamba kukaa na shangazi maana yake ni kufanya kazi za ndani. Kuna mvulana anayechunga. Na kuna wachache ambao mzazi aliitwa, akaelezwa kwa upole kwamba mtoto wake "hana uwezo", afadhali akajifunze ufundi. Shule isiyoweza kukueleza habari za watoto hawa mmoja mmoja ina tatizo kubwa kuliko wastani wowote. Shule ndogo haina udhuru hapa. Mwalimu aliyekaa pale miaka mitano anajua nyumba ya kila mtoto, anamjua na mjomba wake.

Hili ndilo nisingependa lipite haraka, kwa sababu mjadala mzima wa shule ndogo hugeukia hapo. Udogo unaoharibu wastani ndio huohuo unaokuwezesha kuachana na wastani. Ukiwa na watoto 150, huna haja ya kukisia. Unaweza kuwajua wote.

Chukua darasa la tatu. Kwenye shule ya mkondo mmoja lina watoto 25, labda 30. Asubuhi moja inatosha kumsikiliza kila mmoja akisoma. Zana ipo na si ya gharama: ndiyo ileile waliyotumia watu wa Uwezo, mradi ulioanzia Twaweza, walipopita nyumba kwa nyumba nchini Tanzania, Kenya na Uganda. Mtoto anaonyeshwa herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti yao ya kwanza ya Tanzania, ya mwaka 2010, ilikuta kwamba karibu watatu tu kati ya kila watoto kumi wa darasa la tatu waliweza kuisoma hadithi hiyo kwa Kiswahili. Serikali ikaja na mtaala wa KKK kwa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, masomo yakapunguzwa ili nguvu iende kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu.

Ukikaa na mtoto wa darasa la tatu, mpe kwanza kitabu chao wenyewe cha kiada. Anakisoma. Sauti imenyooka, kidole kinatembea juu ya mistari, mwalimu aliyesimama pembeni anatabasamu. Sasa funika picha kwa kiganja na mwambie aanze na mstari wa mwisho. Wako watakaoendelea bila shida. Wako watakaonyamaza, na wako watakaousema mstari wa kwanza wa ukurasa kwa sauti ileile iliyonyooka huku kidole kikiwa chini kabisa. Huyo wa mwisho hajui kusoma. Ana kumbukumbu nzuri, na amefundishwa na mtu anayeamini kwamba kuimba pamoja ni kusoma. Andika aya tano fupi ambazo hawajawahi kuziona, zenye maneno ya pale pale kijijini, kisima, mbuzi, bibi, kuni, uwape mmoja mmoja nje chini ya mti ili wengine wasisikie. Hesabu wangapi wamesoma na kujibu swali moja kuhusu walichokisoma. Ukitoka na 22 kati ya 28, umeiona shule yenye kazi inayoeleweka, hata kama mwaka jana darasa la saba liliboronga. Ukitoka na saba, basi asilimia 89 ya darasa la saba imepatikana kwa njia nyingine.

Njia nyingine hizo zinajulikana. Kambi ya darasa la saba, watoto wanalala shuleni miezi miwili mitatu kabla ya mtihani, wanakesha na maswali ya miaka iliyopita. Mwalimu bora wa shule anaondolewa madarasa ya chini na kupewa la saba. Mtihani wenyewe una maswali mengi ya kuchagua, na mtoto aliyezoeshwa anaweza kuokota alama bila kusoma swali lote. Mwaka 2012 serikali ilikiri kuwa maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Wote hao walikuwa wamefaulu. Sina ugomvi na kambi kwa jumla, na wazazi wengi wanaipenda maana wanaona watoto wao wamepaniwa. Ila kambi ni dawa ya mwisho wa safari. Ukitaka kujua ubora wa shule ndogo, angalia mwalimu wake bora yuko darasa gani. Akiwa la kwanza au la pili, mwalimu mkuu anajua anachokifanya.

Tuje kwa walimu. Hapa takwimu zinaipendelea shule ndogo, na bado zinapotosha. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule yetu ya watoto 150 ina walimu wanne, sawa na mmoja kwa 38. Kwenye ubao wa ikama ofisini hiyo ni shule yenye neema, na afisa utumishi akitafuta mahali pa kumtoa mwalimu ampeleke shule yenye upungufu, ataanza na hiyo. Lakini hesabu vyumba. Kuna awali, kuna la kwanza mpaka la saba: madarasa manane. Walimu wanne wakiwepo wote, wazima, wakiingia kila kipindi bila kupumzika, nusu ya madarasa hayana mwalimu dakika ileile. Uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi ni kipimo cha shule zenye mikondo mingi. Shule ya mkondo mmoja inapimwa kwa uwiano wa mwalimu kwa darasa, na huo haumo katika taarifa nyingi.

Na walimu wanne hawawi wanne kamwe. Mmoja yuko likizo ya uzazi. Mwalimu mkuu ameitwa kata kwenye kikao cha takwimu, kesho ataitwa halmashauri kupeleka karatasi ambayo ingeweza kutumwa kwa simu. Wa tatu amefuata mshahara benki, mji uko umbali wa nusu siku na gari ni moja. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 ulikuta kwamba walimu wasiokuwepo shuleni kabisa walikuwa kama 14 kati ya 100, lakini wasiokuwepo darasani walikuwa karibu nusu. Watu walisoma takwimu hiyo kama hadithi ya uvivu, na uvivu upo, tusidanganyane. Kwenye shule ndogo, hata hivyo, sehemu kubwa ya kutokuwepo darasani ni ya kimuundo. Mwalimu mmoja ana madarasa mawili. Akiwa la nne, la tano linahesabiwa kuwa halina mwalimu, na ni kweli halina.

Kwa hiyo jambo la kutazama ni hili: darasa lisilo na mwalimu linafanya nini? Simama mlangoni mwa darasa la tano saa nne na nusu, mwalimu akiwa la nne. Kuna shule ambako utakuta vurugu, na kiranja ameshika fimbo anaandika majina ya wapiga kelele ubaoni, kazi ambayo haijawahi kumfundisha mtu chochote. Kuna shule ambako wamekaa kimya kama maji mtungini wakinakili ubao mzima wa maandishi, na mkaguzi wa haraka ataandika "nidhamu nzuri". Na ipo shule, nadra lakini ipo, ambako watoto wamegawanywa vikundi, kila kundi lina kitabu na maswali yaliyoachwa, mkubwa anamweleza mdogo, na mwalimu akirudi baada ya dakika 40 anaanza kwa kupitia walichofanya. Au vyumba viwili vimeunganishwa, la tatu na la nne wanakaa pamoja, ubao umegawanywa kwa mstari wa chaki, upande mmoja wanasikiliza na mwingine wanaandika, kisha wanabadilishana. Kufundisha madarasa mawili kwa pamoja ni ufundi, una maandalizi yake na vyuo vyetu vya ualimu haviupi nafasi unayostahili. Mwalimu anayeumudu kwenye shule ya walimu wanne anastahili kuangaliwa zaidi kuliko yule aliyefundisha somo moja zuri siku wageni walipokuja.

Majengo nitayapitia kwa haraka, kwa sababu ndiyo yanayoonekana kwanza na ndiyo yanayoeleza kidogo zaidi. Kiwango cha choo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Lihesabu hilo, na uangalie kama kuna maji karibu na mlango unaofungika, maana msichana wa darasa la sita asiye na hivyo atakosa siku kadhaa kila mwezi, na hilo utalikuta kwenye daftari la mahudhurio. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulijenga madarasa kwa maelfu, na hakuna anayejuta kuyajenga. Lakini ukuta mpya si ushahidi wa ubora. Kama ungekuwa, tungekuwa tumemaliza kazi zamani.

Fedha nazo zina mtego wake. Ruzuku ya uendeshaji imekokotolewa kwa kichwa: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 zinakwenda shuleni na 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 1,500 inapata shilingi milioni tisa. Shule ya watoto 150 inapata laki tisa, yaani 75,000 kwa mwezi. Chaki ni chache kwa watoto wachache, sawa, lakini nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri haipungui kwa sababu shule yake ni ndogo. Kuchapa mitihani, kukarabati mlango, kitabu cha stoo, karatasi za ripoti, vyote ni gharama zilezile zinazogawanywa kwa vichwa vichache. Kuilaumu shule ndogo kwa kukosa vifaa bila kuangalia hesabu hii ni kuionea.

Lakini kuna upande wa pili. Kati ya mwaka 2013 na 2014, Twaweza ilifanya jaribio lililoitwa KiuFunza katika shule 350 za wilaya kumi. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku kamili ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, baadhi walimu wake waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto wa madarasa ya chini atakayefaulu jaribio la KKK, na baadhi zilipata vyote viwili. Isaac Mbiti na wenzake walipochambua matokeo, ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Ruzuku pamoja na motisha kwa mwalimu ilipandisha waziwazi, kuliko jumla ya kila kimoja peke yake. Fedha bila mtu wa kuzigeuza kuwa somo zilinunua vitu tu. Kwa hiyo mtu anapoitembelea shule ndogo na kuonyeshwa stoo yenye vitabu, swali linalofuata ni kuvifungua vitabu hivyo. Vikiwa vipya, vinanuka gundi na havina alama ya kidole, vimefika tu, havijatumika. Nimeona shule inavifungia kabatini visichakae kabla wathibiti ubora hawajaja.

Na hao wathibiti ubora, tuliowazoea kwa jina la wakaguzi, wana mwongozo mzuri kwenye karatasi. Unawataka waangalie mambo sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira na ushiriki wa jamii. Siwezi kuuongezea kitu. Tatizo ni gari, mafuta na umbali. Shule iliyo mwisho wa barabara huonwa kwa nadra, kwa saa chache, na taarifa ya ujio wao imeshafika jana yake. Muda huo unatosha kusoma maazimio ya kazi na maandalio ya somo, ambayo siku hiyo yote yatakuwa yameandikwa. Hautoshi kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma.

Wazazi wako pale siku zote, na kijijini nao wana vipimo vyao. Wanaangalia kama mwalimu analala pale au anasafiri kila siku. Wanaangalia uji. Uji, hasa, ni kipimo kisichosema uongo. Shule ambako kila kaya imechanga debe lake la mahindi na maharage yake, mpishi analipwa, na saa nne sufuria iko jikoni, ni shule ambako kuna mtu aliyeweza kuwaketisha watu wazima mkutanoni wakakubaliana, na wakakubaliana tena mwaka uliofuata. Kamati ya shule hai hutokea hapo, si kwenye muhuri wa muhtasari. Mahudhurio nayo hufuata sufuria. Hesabu vichwa siku ya kawaida, kisha rudi siku ya gulio au wiki ya kupanda, uhesabu tena, ulinganishe na daftari. Pengo kati ya vichwa na daftari siku ya gulio litakuambia mambo mawili kwa mpigo: utoro ni mkubwa kiasi gani, na mwalimu wa darasa ni mkweli kiasi gani.

Pale ninapotofautiana na wazazi ni kwenye ukali. Wengi bado wanamwita mwalimu mzuri yule anayeogopwa, na shule yenye kilio cha asubuhi wanaiona shule ya nidhamu. Mtoto anayeogopa haulizi, na asiyeuliza katika darasa ambalo mwalimu anaonekana nusu ya muda tu, nusu nyingine inampita bure.

Linabaki jambo moja ambalo hakuna fomu inayolibeba. Shule ya walimu wanne inaweza kuwa nzuri kwa sababu ya mtu mmoja. Akihamishwa, akapanda cheo, akafuata mume au akastaafu, shule inaweza kuporomoka ndani ya mihula miwili, na miaka mitatu baadaye bado ina sifa iliyoachwa na mtu asiyekuwepo. Kwa shule kubwa hilo ni nadra, maana mmoja akiondoka wapo 30. Kwa hiyo ukiambiwa shule ndogo fulani ni nzuri, uliza ni tangu lini, uliza nani alikuwepo wakati huo, kisha uliza kama bado yupo. Uliza pia kama amemfundisha mwenzake kazi. Mwalimu wa darasa la kwanza anayewafundisha watoto kusoma kwa wiki 20 ni hazina. Shule ambako mwalimu wa pili naye ameiona namna hiyo na anaifuata ni shule bora, hata bila kombe kabatini.

Nyumba ya mwalimu inaingia hapo. Shule nyingi ndogo zina nyumba moja au hazina kabisa, na kijana aliyepangiwa huko anapanga chumba kijijini, hakuna umeme, mtandao unapatikana juu ya kichuguu. Anaanza kuandika barua ya uhamisho mwezi wa pili. Halmashauri inayotaka kuipandisha shule ndogo itapata faida kubwa kwa nyumba mbili za walimu kuliko kwa chumba cha tisa cha darasa.

Miaka michache ijayo itafanya kazi ya kulinganisha iwe ngumu zaidi. Kwa sera ya elimu toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo watahitimu wakiwa darasa la sita mwaka 2027, sambamba na wa mwisho wa darasa la saba. Kwenye shule ya mkondo mmoja, makundi mawili yaliyosoma mitaala miwili yatamaliza mwaka mmoja, chini ya walimu walewale wanne. Mwalimu bora atavutwa tena juu, safari hii na madarasa mawili kwa mpigo. Afisa elimu kata atakayepita mwaka huo afanye hisani ya kuanzia darasa la pili.